Mashine Inayoamshwa na Mkono

Hii mashine mpya ya kufungulia geti ilikuwa na kisa gani na Kaloki? Siku ya nne sasa tangu ifungwe, amesimama nje ya geti la kiwanda cha kuchapisha vitabu, hapo River Road, amebandika kadi, na taa haiwaki. Akaifuta kwa shati, akabandika tena. Wapi!

"Lete," akasema Nasimiyu, mlinzi wa geti. Akaishika kadi ileile, akaisogeza. Tii! Kijani. "Si inafanya? Kaloki, kwani wewe si mtu?"

Kaloki akacheka, lakini alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Kadi ni yake, picha ni yake. Ama wameshajua? Maana ndani ya ile glavu nyeusi, mkono wake wa kulia ulikuwa wa plastiki. Ule wa kuzaliwa ulikatwa na mashine ya karatasi kwa bosi wa zamani, na wiki hiyohiyo akafutwa kazi. Hapa hakumwambia mtu. Mbele za watu kila kitu alikifanya kwa kulia, asije akashukiwa.

Mara Mbuthia, mwenye kiwanda, akatokea. "Nasimiyu, nilisema nini? Hakuna kufunguliana. Asiyeweza kujifungulia leo arudi kwao."

"Aki bosi, kadi ni nzima."

"Basi mbovu ni yeye?"

Jasho likamtoka Kaloki. Arudi Kangemi akamwambie mke wake nini, kwamba kibox cha getini kimemkataa?

Wachira, fundi aliyeifunga mashine, alikuwa juu ya ngazi akivuta nyaya. "Hiyo huwa inalala, betri isiishe," akasema. "Kadi haiiamshi. Inaamshwa na mkono wa mtu. Ikihisi mwili karibu, ndiyo inaamka kusoma. Sogeza mkono vizuri, hata glavu nyepesi hivyo haizuii."

Wote watatu wakautazama ule mkono. Pole pole Kaloki akahamishia kadi mkono wa kushoto, akaibandika.

Tii! Kijani.

Mbuthia hakuitazama taa. Alitazama glavu.

"Na vitabu vyangu umekuwa ukivipanga na nini?"

"Na huuhuu, bosi."

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

"Na sikujua!" Mbuthia akakuna kichwa, sasa aliyechanganyikiwa ni yeye. Hapo taa ikazima, geti likajifunga tena.

"Haya, imelala," akasema. "Iamshe, bwana. Kazi inangoja."