Nondo ya Kona ya Nyuma

Shemeji yangu, mume wa dada yangu na fundi saa mstaafu, alinunua mashine ya kutambua metali kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa. Mimi, kwa kuwa ni msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, nilikabidhiwa kijitabu cha maelekezo. Yeye hakukihitaji. Alieleza kwamba mtu aliyesikiliza mapigo ya saa za watu kwa miaka thelathini na minane hawezi kufundishwa na karatasi namna ya kusikiliza chuma.

Kwa wiki tatu alijifunza kwa njia yake. Alizunguka uani na hedifoni masikioni, akiipitisha ile sahani iliyo kwenye ncha ya fimbo juu ya ardhi kwa adabu ya mtu anayepiga pasi shati la bosi. Alipata misumari hamsini na mitatu, vizibo vya soda, bawaba moja, na kijiko ambacho dada yangu alikuwa amemshuku mama mkwe wake kwa miaka minane kwamba alikichukua. Misumari ilimchosha. Ndipo akagundua kibonye kinachoiamuru mashine ikatae chuma cha kawaida, ilie tu inapokutana na fedha, shaba au dhahabu. Akakibonyeza, na tangu hapo ua mzima ukanyamaza. Ukimya huo aliuita maendeleo.

Mambo yangeishia hapo kama jirani asingeamua kujenga ukuta. Jirani ni muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya upole ya mtu aliyezoea kuwaambia watu kwamba haitauma. Fundi mwashi wake alivuta kamba kutoka kwenye nondo ya mpaka iliyo mbele, ambayo kila mtu anaiona, hadi kwenye nguzo chakavu iliyo nyuma. Kwa kamba hiyo, mlimau wa dada yangu ukaangukia upande wa jirani, mahali hasa utakapochimbwa msingi. Dada aliupanda mti huo juma alilohamia pale, wakati nyumba ilikuwa bado haina milango.

Ilikuwapo nondo ya pili, iliyozikwa na mpima ardhi kwenye kona ya nyuma, lakini hakuna aliyeiona kwa miaka ishirini. Jirani alisema hana ugomvi na mtu. Akionyeshwa nondo hiyo kabla ya Jumatatu asubuhi, ukuta utaifuata. Asipoonyeshwa, fundi atafuata kamba. Dada yangu si mtu wa kelele. Alimtazama mumewe, akaitazama mashine, akasema kwamba sasa tutajua kama alinunua kifaa au alinunua fimbo.

Jumamosi shemeji aliipekua kona ya nyuma tangu asubuhi. Mashine haikutoa hata mguno. Nilimpa maoni yangu: ama nondo haikuwapo, ama mashine haikuwa mashine, nami sikuwa na upendeleo kati ya hayo mawili. Wakati wa chakula cha mchana nilifungua kijitabu ili nithibitishe hilo la pili. Ukurasa wa tisa ulinivunja moyo.

"Shemeji," nikamwambia, "nondo ni chuma?"

"Shemeji, wewe shule uliishia wapi?"

"Na kile kibonye chako kinaiambia mashine ikatae nini?"

Alitafuna kwa muda mrefu kuliko chakula kile kilivyohitaji. Dada akaondoa vyombo mezani kabla mumewe hajamaliza.

Jumapili nilishika uongozi, kwa haki ya elimu, nikaanza kwa kukizima kile kibonye. Niliwasomea kwamba sahani isiachane na ardhi zaidi ya vidole viwili, mwendo uwe wa polepole, na usikivu upunguzwe pale udongo wenyewe unapoisumbua mashine. Aidha, wote walio karibu wavue saa, mikanda na viatu vyenye chuma, na watoe funguo mifukoni. Shemeji akavua mkanda, akabaki ameishika suruali kwa mkono mmoja. Hata jirani, aliyekuja kutazama, nilimwomba akaziache bangili zake nyumbani, naye akaenda na kurudi bila kunung'unika. Kisha nikasimama ubavuni kwa shemeji na kijitabu changu, nikimsomea hatua kwa hatua.

Mashine ililia karibu papo hapo. Tukachimba hadi magotini. Hapakuwa na kitu. Ikalia tena hatua mbili kushoto, tukachimba, tukapata udongo mtupu. Katika shimo la tatu nilianza kuandaa maneno ya kumfariji dada yangu, na nilikuwa nimefika kwenye kituo cha sentensi ya kwanza dada aliposema kutoka dirisha la jikoni.

"Hebu mpitishie kaka yangu hiyo sahani."

Shemeji akanipitishia. Kwenye mguu wa kulia, chini ya goti, mashine ikalia kama imepokea mshahara.

Ilibidi nieleze. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilianguka kutoka kwenye ngazi pale kiwandani, na tangu hapo natembea na bamba la chuma na skrubu sita. Halinisumbui, kwa hiyo nilikuwa nimelisahau.

"Skrubu sita," jirani akasema kwa heshima ya kitaaluma. "Na mimi nimerudishwa nyumbani kwa bangili mbili."

"Wiki ya nne hii, na hazina pekee iliyopatikana ni kaka yangu," akasema dada. "Mpelekeni barazani. Na asishuke."

Nilikaa barazani. Haikupita robo saa, mashine ikalia mara moja, kwa sauti nyembamba isiyoyumba, na shemeji akapiga magoti akisahau kabisa habari za suruali. Nondo ilikuwa imeliwa na kutu, imesimama wima, hatua mbili nzima ng'ambo ya mlimau, upande wa jirani. Dada akatoka jikoni, akachuma jani moja kavu mtini.

Jirani akamwagiza fundi mwashi ahamishe kamba. Kisha akamgeukia shemeji.

"Fundi, mashine nimeikubali. Sasa itafute na saa yangu ya ukutani. Nilikuletea miaka mitatu iliyopita, ukaniambia kesho."

Shemeji aliitazama karakana yake ya saa iliyo pembeni mwa ua, ambamo tangu sakafuni hadi darini hamna kitu kisicho cha metali. Akavaa mkanda wake taratibu, akaja barazani, na kwa mara ya kwanza akaniomba kijitabu.