Mashine ya Vyombo na Taa ya Mita

Mama mwenzangu, kama mwanao ana mashine ya kuosha vyombo na wewe unakwenda kukaa kwake, soma haya kabla hujagusa kitufe. Mimi niliishia darasa la saba, lakini haya sikusimuliwa, niliyaona.

Binti yangu ni msusi. Alipokuwa mdogo tulikuwa tunaosha vyombo pamoja uani, beseni moja la povu, jingine la kusuuzia. Mimi nasugua, yeye anasuuza, na mdomo wake haupumziki. Habari zote za shule nilizipata pale: nani kapigana, nani kamnunia nani, mwalimu gani kaja na soksi zisizofanana. Ukimwita sebuleni umuulize, utaambulia "sijui". Mtie mikono majini, ataongea mpaka sufuria ya mwisho. Hadi leo nikinusa sabuni ya kipande namwona ana miaka tisa, kajilowesha gauni lote, anacheka.

Sasa mikono ileile ndiyo iliyoharibika. Sabuni nyumbani, dawa za nywele saluni, vidole vikapasuka mpaka vikatoa damu. Daktari akamwambia akae mbali na maji ya sabuni, la sivyo asahau kusuka. Na kusuka ndiyo kazi anayoijua. Kwa hiyo shemeji yake, kaka wa mumewe, alipohama akawaachia mashine hiyo, nilimshukuru Mungu.

Mkwe wangu hakushukuru. Ni dereva wa lori, mtu mpole, ila umeme ukikatika anageuka mtu mwingine. Mita yao ni ya kulipia kwanza, na tangu mashine iingie uniti zilikuwa zinayeyuka. Mama mkwe hakaripiwi, basi akawa anasema na mashine mbele yangu.

"Mheshimiwa, umeshiba, au tukuongeze?"

"Mwanangu, kama una neno niambie mimi," nikamwambia. "Hiyo haina masikio."

"Hapana Mama, mimi naongea na mlaji mwenyewe."

Siku ya kuondoka safari alimwambia mkewe mlangoni, nami nikasikia: "Nikirudi nikute giza, namrudishia kaka mashine yake. Sitanii."

Binti yangu alitazama vidole vyake vilivyofungwa plasta.

Sasa sikiliza tulivyokuwa tunafanya. Mimi nilikuwa siwezi kutia sahani chafu kwenye kabati zuri vile, niliona aibu. Nilikuwa naziosha kwanza kwa maji ya moto ya bomba, yale ya hita ya umeme, ndipo nazipanga ndani. Binti yangu alikuwa akisema, "Mama anaviogesha vyombo ili viende kuoga." Na vikombe vitatu tu vikichafuka, nawasha. Kitufe tulibonyeza cha muda mfupi. Hilo tulikubaliana sote watatu, mkwe mbele: chungu kikikaa motoni saa tatu, mkaa umekwisha, basi kifupi ndicho kinachokula kidogo. Kile kirefu tulikiita cha matajiri.

Mkwe alipoondoka nikahamishia kiti changu ukumbini, chini ya mita, nachambua mchele huku jicho liko juu. Mita ina kitaa chekundu; umeme ukiliwa sana kinapepesa upesi. Mashine ikiwa kwenye kile kifupi, kitaa kilikuwa kinapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga, na uniti zinashuka. Mapigo ya moyo wangu yakawa yanafuata kitaa.

Asubuhi moja binti yangu alikuwa anawahi saluni, akabonyeza haraka kwa kidole chenye plasta, akatoka. Kuja kutazama, kabonyeza kile cha matajiri. Nilitaka kuizima, nikaogopa kuifungua. Niliwahi kuifungua katikati, mvuke ukanichoma uso, nawe usithubutu. Nikarudi kwenye kiti roho mkononi. Nyumba kimya, mashine inanung'unika peke yake, hakuna wa kunisimulia kitu.

Kitaa kilipepesa mbiombio kwa muda, kisha kikapoa. Kikawa kinawaka, kinatulia, kinawaka, kinatulia. Maji ndani yanaendelea kurushwa. Baadaye kikapepesa tena kidogo, kikapoa tena. Vyombo vikatoka safi, na uniti zilizoliwa zilikuwa chache kuliko za kile kifupi.

Jioni nilimweleza binti yangu. Kwanza alicheka, halafu akasimama mbele ya mita na mkoba bado begani.

"Kumbe kinachokula ni kuchemsha, Mama. Kuzungusha maji si kitu. Hiki kifupi kina haraka, kwa hiyo kinachemsha maji kweli kweli."

"Na mimi huku nachemsha mengine bombani."

"Wewe ulikuwa mheshimiwa wa pili."

Tangu hapo tukawa tunakwangua makombo tu, bila kuosha. Tunangoja mpaka ijae. Hilo lilinitesa, vyombo vichafu kulala ndani na mimi nipo hai. Tunabonyeza kirefu. Ikimaliza, tunaacha itulie kidogo, tunaachia mlango, vyombo vikauke kwa hewa, maana kukausha kwa joto nako ni umeme.

Mkwe aliporudi alikwenda kwenye mita kabla ya kunisalimia. Alisimama pale kofia mkononi, akitazama uniti zilizobaki.

"Shikamoo Mama. Mlikuwa mnakula wapi, kwenye majani?"

"Marahaba. Fungua mashine uone."

Akafungua. Imejaa, safi, ingali na uvuguvugu. Alitoa sahani moja akaigeuza, akairudisha taratibu mahali pake.

"Mheshimiwa," akaiambia, "basi kaa. Kaka atatafuta nyingine."

Binti yangu alichukua simu, akampigia mteja ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkwepa kwa ajili ya vidole vyake, yule mwenye nywele nyingi anayetaka misuko midogo midogo.

"Njoo Jumamosi," akamwambia. "Njoo mapema, mikono ipo."