Diski ya Tatu

Taa ya diski ya tatu iligeuka njano Alhamisi saa nne asubuhi, na Adero aliiona. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuiona. Alikuwa amepiga magoti mbele ya seva, katika chumba kidogo chenye baridi nyuma ya studio, simu sikioni.

"Diski nyingine itafika lini?" alimwuliza meneja wake.

"Jumatatu," Maryanne alisema kutoka Nairobi. "Lakini leseni inaisha kesho saa sita. Si umesema stima ikipotea baada ya hapo hiyo seva haitafungua kitu tena? Na Kisumu hii, stima itakaa mpaka Jumatatu?"

Adero aliitazama tena ile taa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ametunza mitambo ya redio hiyo ndogo inayotangaza kwa Kijaluo. Seva ilikuwa moja, lakini programu iliyokuwa ndani yake iliigawa ikafanya kazi kama kompyuta sita. Mwaka huu wenye programu walipandisha bei ya leseni, redio ikashindwa. Adero ndiye aliyependekeza wahamie programu huria, ile isiyodai leseni. Alijifunza peke yake nyumbani, majuma saba. Kompyuta tano alikuwa ameshazihamishia kwenye seva ya pili, na hakuna msikilizaji aliyegundua.

Ilibaki ya sita, ya kumbukumbu. Humo mlikuwa na sauti za miaka ishirini na miwili: wazee wakisimulia walivyohama kutoka Alego, kwaya zilizokwisha kusambaratika, na Zadock, aliyesoma matangazo ya vifo kila jioni mpaka jioni ambayo mtu mwingine alisoma jina lake yeye.

Diski zilikuwa nne, zikisaidiana. Ikifa moja, tatu hubeba mzigo wake. Zikifa mbili, yote yamekwenda. Na hakuna kazi inayochosha diski kuukuu kama kunakili kila kitu kwa mpigo. Hilo pia alilijua. Nakala ya akiba ilikuwa imejaa miaka mitatu nyuma, ikafutwa ili matangazo yapate nafasi. Aliandika barua mbili kuomba nafasi zaidi, kisha akaacha kuandika.

"Wewe ndiye fundi," Maryanne alisema. "Unaonaje?"

"Naendelea."

Saa saba mchana alisikia mlio mdogo, kama ukucha ukigonga sahani. Diski ya kwanza ikawaka nyekundu. Ya tatu ilikuwa imeshazimika. Kwenye skrini hesabu ilisimama kwenye sitini na moja kwa mia, ikakaa hapo; nakala isiyotimia haifunguki hata kidogo. Upande wa pili wa ukuta muziki wa benga uliendelea kupigwa, mtangazaji akacheka na mtu kwenye simu. Adero aliketi sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Diski zilipelekwa kwa wataalamu Nairobi, zikarudi na karatasi ya mstari mmoja: zimekwaruzika ndani, haziwezi kusomeka. Maryanne hakumgombeza. "Matangazo hayajakatika hata dakika moja," alisema. "Umefanya kazi nzuri." Maneno hayo Adero alikwenda nayo nyumbani, yakamnyima chakula.

Juma lililofuata, mama mmoja aliyevaa sweta la kijani alifika mapokezi kutoka Awasi. Alikuwa Dorca, mjane wa Zadock.

"Jumamosi tunafanya ukumbusho," alimwambia Adero. "Watoto wanataka kusikia sauti yake. Waliniambia nikuje kwako."

Adero alimpeleka kwenye kiti, akachutama mbele yake. "Mama, sauti zimepotea. Nilikuwa nazihamisha. Niliona diski moja inaharibika, na sikungoja."

"Zote?"

"Zote."

Dorca alitazama mikono yake. "Mimi sikurekodi kitu. Nilikuwa namsikia kila siku, sasa ningerekodi ya nini?" Aliinua uso. "Hizo diski ziko wapi?"

Adero alimletea ya tatu. Dorca aliipokea kwa viganja viwili, akashangaa uzito wake.

"Alikuwa hapa ndani?"

"Ndiyo, mama. Kipande chake. Kingine kiko kwenye zile zingine."

"Na wewe bado unaitumia?"

"Hapana."

"Basi nipe niende nayo, nyathina, mwanangu."

Adero alitaka kumwambia kwamba hakuna mashine itakayoifungua, si Awasi, si popote. Alisema tu, "Sawa, mama."

Kutoka dirishani alimwona akivuka barabara kuelekea stendi. Mvua ilianza kudondoka matone makubwa, watu wakakimbilia vibarazani. Dorca hakukimbia. Alisimama katikati ya lami, akafungua kifungo cha sweta, akaiingiza ile diski ndani, kifuani, akafunga tena, kisha akaendelea kutembea polepole huku mkono mmoja umeishika kwa nje.