Ng'ombe Aliyetiliwa Vidonge

Ng'ombe alikuwa amejinasa kwenye waya wa ua, mguu wa mbele umevunjika, macho yamemtoka pima. Lyle Haggart alipiga magoti matopeni, akamshika kichwa.

"Mmempa nini?"

Mahipi watano walisimama pembeni, shanga shingoni. Walikuja hadi Oregon kumwona Lyle, mtu aliyeandika riwaya iliyowafundisha kumeza vidonge vya njozi. Wiki ya tatu sasa walikuwa wakilala kwenye ghala lake la majani makavu, wakila mayai yake, wakijisaidia nyuma ya mitufaha, na kumwita mwalimu.

"Tumemtilia vidonge kwenye maji," alisema Corwin, yule mwenye ndevu. "Vinane tu. Tulitaka naye aone."

"Aone nini?"

"Mwalimu nawe. Si uliandika mwenyewe kwamba hata mnyama ana mlango moyoni, anangoja wa kumfungulia?"

Lyle aliukumbuka ukurasa huo. Aliuandika asubuhi moja, mwenyewe kalewa vidonge, akajiona nabii. Sasa maneno yale yalimnukia matapishi.

Mkewe, Nadine, alifika na bunduki, akamkabidhi bila kumtazama. "Mmalize. Anateseka."

Msichana mmoja akaanza kuimba, eti anamsindikiza ng'ombe.

"Wewe, funga mdomo," alisema Nadine.

Lyle alifyatua. Ng'ombe akatulia juu ya waya.

"Fungasheni. Sitaki kumwona mtu hapa."

Corwin alitabasamu. "Unatupima, mwalimu. Tumeelewa." Akatoa kitabu mkobani, kimechakaa kwa kusomwa. "Basi tutilie sahihi kwanza."

Lyle alikipokea kwa mikono yenye damu, akautafuta ukurasa ule, akaunyofoa na kuutupa matopeni. Yule msichana akauokota upesi, akaufuta kwa kitambaa chake cha kiunoni, akaubusu, akautia kifuani.

Lyle aligeuka, akatapika.

Gari lao lilipotokomea, Nadine alisema, "Na wengine watakuja."

"Najua."

"Kitabu bado kinauzwa, Lyle."

Lyle alikwenda bombani, akasugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi ikawaka. Ndama wa yule ng'ombe akaja akitangatanga, akanusa, kisha akaanza kumnyonya vidole. Lyle alitaka kuvitoa. Aliviacha humohumo, maji yakiendelea kumwagika.