Ndege ya Hatano

Wajapani walikuwa wanakihama kisiwa kile cha Pasifiki, na mashua ya mwisho ilishajaa. Fundi Moriwaki alibaki ufukweni. Ndege ya rubani Hatano, aliyoitunza tangu vita vianze, ilikuwa haijarudi.

"Panda, ndugu yangu," sajini akamwambia. "Mafuta yake yameisha tangu mchana. Si wewe mwenyewe uliyemjazia?"

Moriwaki akapanda, na walipofika kwenye manowari akajitenga na wenzake.

Kulipopambazuka ukasikika mngurumo angani. Askari wote wakalala kifudifudi wakihofia mabomu. Moriwaki peke yake alisimama, akainua uso. Haikuwa injini aliyoizoea. Hata hivyo aliitazama ndege ile mpaka ikapotelea mawinguni.