Ngazi Anazoziona Tusekile

Usingizi unamchukua Ambakisye Jumapili mchana, kitini, neno lake la mwisho likiwa bado mdomoni: mtoto wa miaka mitano havai miwani nyumba hii. Mkewe Subilaga kachoka kubishana. Daktari wa macho kasema jicho la Tusekile halikuviringana sawasawa, limejipinda mfano wa yai, na kwa kuwa ubongo wake ungali unajifunza kuona, asicheleweshwe. Ambakisye, fundi mwashi, anaamini mtoto anadeka tu. Haoni picha? Asogee karibu. Anajikwaa? Aangalie chini. Mvua ya Tukuyu inapiga bati, kichwa kinainama, na barabara inapita katikati ya sebule.

Anaifuata kwa kuwa inakwenda, nayo inakwenda kwa kuwa anaifuata, hadi kwenye mji ambao kila ukuta ni kioo na ndani ya kila kioo mna mji mwingine. Nguzo zimesimama wazi kabisa, lakini kila kilicholala kimeyeyuka: vizingiti, boriti za paa, mistari ya saruji kati ya tofali na tofali. Fundi gani kaboronga hivi? anafoka. Mtu asiye na uso, mwenye ovaroli la kazi, anamjibu: Hakuna kilichoboronga ila macho uliyoazima. Ambakisye si mtu wa kukubali upesi. Anashusha timazi, uzi unaonekana vizuri. Analaza pimamaji, inapotea kiganjani. Anaisogeza hadi puani, ukungu uleule. Mbona hata karibu sioni? Asiye na uso anacheka: Nani alisema dawa ni kusogea? Ambakisye anaona aibu, maana aliyesema anamjua.

Ndipo Tusekile anaita kutoka bondeni, Baba, njoo! Pana ngazi hapa, lazima ziwepo, lakini Ambakisye anaona mteremko mmoja laini. Anakanyaga hewa, anaanguka, goti linachubuka. Anainuka, anaanguka tena, na ngazi zinazidi kuzaliana chini yake. Nakuja, mwanangu, hata kwa makalio! Basi anakaa, anashuka akipapasa kwa kisigino, vilevile anavyoshuka Tusekile nyumbani na yeye humgombeza kuwa anachafua gauni. Moyo unamuuma, ila hasimami. Anafika. Tusekile anampita mbio, anamkumbatia yule asiye na uso. Baba! anamwita. Ambakisye anapaza sauti: Mimi hapa! Mtoto anainamisha kichwa upande, anabana macho. Hapana, anasema. Baba yangu ndivyo alivyo siku zote, kama huyu.

Anashtuka. Kiti ni kilekile, na Tusekile amesimama mbele yake, kichwa upande, macho ameyabana. Ambakisye hajui kama ameamka au amehamia kioo kingine. Mwanangu, anauliza polepole, uso wangu unauona? Nauona, Baba. Ukoje? Tusekile anashangaa swali lenyewe. Anapitisha vidole hewani, kama anayefuta ubao. Una ukungu, anasema, kama watu wote.

Ambakisye anasimama. Mama Tusekile! anaita. Kesho siendi kujenga. Yule daktari anafungua saa ngapi? Subilaga anatokea mlangoni, na kwa kitambo Ambakisye anashindwa kumwona uso. Hajui ni ndoto au ni machozi.