Kipande Chenye Namba

Katika bastola nzima, serikali inatambua kipande kimoja tu: fremu, ile sehemu ya chini yenye mshikio, iliyogongwa namba. Mtutu, springi, pini, hata kile kifuniko cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, vyote hivyo ni vyuma tu, na kijana yeyote mwenye dola zake atavinunua kama anavyonunua misumari. Fremu, hapana. Fremu ndiyo bunduki yenyewe machoni pa sheria, na mwenye duka haruhusiwi kumuuzia mtu ambaye hajatimiza miaka ishirini na moja. Usiniulize ni nani alikaa akapanga hivyo. Nakwambia tu ili ujue kwa nini mzee Arvo Harju, mwenye duka la bunduki, alipaza sauti mchana ule, mkesha wa msimu wa kuwinda kulungu.

Huko kwao, kaskazini kabisa mwa Michigan, mkesha wa msimu wa kulungu ni sikukuu iliyokosa kanisa tu. Duka la Arvo lilikuwa limefurika wanaume wenye makoti ya rangi ya chungwa, wananunua risasi na kudanganyana kuhusu ukubwa wa pembe. Reino Salmi, mropokaji wa mji mzima, alikuwa ameegemea kaunta anatafuna pasti, andazi la nyama na viazi, makombo yakimjaa ndevuni. Ndipo Brody Kangas akaingia, kopo la kahawa kwapani.

Arvo alimpenda Brody. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki yake wa utotoni. Tangu majani yaanze kupukutika, kijana alikuwa akija kununua springi leo, pini kesho, na Arvo akafurahi, akidhani mtoto kapata cha kumshughulisha baada ya ule msiba wa kaka yake.

"Mama hajambo?" Arvo alimuuliza.

"Mgongo tu, mjomba. Siku hizi analala chini, koridoni. Anasema godoro linamuumiza."

"Mwambie aje nimkande!" Reino alidakia, mdomo umejaa.

"Wewe jikande kwanza hizo ndevu," Arvo akamjibu, na watu wakacheka.

Brody naye alicheka. Akafungua kopo, akatoa kifuniko cha juu cha bastola, akakiweka juu ya kaunta taratibu kama mtu anayeweka yai. "Nataka fremu ya hii. Vingine vyote ninavyo."

Arvo akainama kutazama. Kwenye alama ya kulengea, pale mbele, palikuwa na tone la rangi ya kucha, ya kijani.

Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyepaka bastola yake rangi ya kucha ya mama yake ili aione vizuri jioni. Dalton Kangas, kaka yake Brody. Na ni bastola hiyohiyo Dalton aliyojiulia, miaka miwili nyuma. Polisi walipoirudisha, Rhonda, mama yao, aliileta dukani ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, akauliza swali moja tu: "Arvo, hapa bunduki yenyewe ni ipi?" Arvo akaifungua, akamwonyesha fremu. Rhonda akaichukua, akapiga makasia mpaka katikati ya ziwa, akaitupa pamoja na springi na pini zake. Vilivyobaki alishindwa kuvitupa, akaviweka kwenye kopo la kahawa, maana Dalton alikuwa amevishika. "Ni vyuma tu hivyo," Arvo alimwambia siku ile, kumtuliza. Vyuma tu!

"Umri wako bado," Arvo alisema sasa.

"Kesho natimiza ishirini na moja. Acha nilipe leo, nichukue kesho ukifungua."

Na alikuwa anatabasamu. Hicho ndicho kilichomtisha Arvo. Miaka miwili mtoto yule alikuwa na uso wa mvua, leo uso umetakata kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Aa, Arvo, siku moja ni nini bwana?" Reino akafuta mikono kwenye suruali, akatoa pochi. "Nipe mimi hiyo fremu. Mimi umri ninao, hata wa kugawa ninao. Nitampa kama zawadi ya kuzaliwa."

"Rudisha pochi yako."

"Zawadi tu jamani!"

"Nimesema rudisha pochi yako, Reino!" Arvo alipiga kaunta kwa kiganja. "Umesimama mbele yangu unanunua kwa niaba ya mtu niliyekwisha kumkatalia. Unataka tufungwe wote wawili?"

Watu wakageuka. Hakuna aliyewahi kumsikia Arvo Harju akipaza sauti, hata siku ya mazishi ya mkewe. Reino akarudi kwenye pasti yake akinung'unika.

Mwenzangu, fikiria alivyokuwa Arvo. Leo sheria ilikuwa imemsemea hapana. Kesho sheria ingejitoa, imwache peke yake na mtoto wa rafiki yake. Na hata yeye akikataa, mji wa jirani una duka lingine, na huko hakuna anayejua habari ya rangi ya kijani. Wangemuuzia, wamtakie heri ya kuzaliwa, na wasingekuwa na kosa.

"Njoo sauna kwangu leo jioni," alimwambia Brody. "Njoo na hilo kopo, nitazame kama kweli hakuna kingine kinachokosekana."

Brody alisita. Lakini kwa watu wale, ambao babu zao walitoka Ufini na jambo la kwanza waliloanza kujenga lilikuwa chumba cha mvuke, kukataa sauna ni sawa na kukataa salamu. "Haya, mjomba," akasema.

Jioni ile walikaa uchi, bega kwa bega, juu ya benchi la mbao. Jiko lilinguruma. Arvo alimwaga maji juu ya mawe yenye moto, mvuke ukapanda, akasema theluji ya mwaka huu imewahi. Brody akakubali kwamba imewahi. Arvo akamwaga tena, akasema kulungu watashuka mtoni. Brody akasema ndiyo, watashuka. Mzee mzima, amewahi kumwondoa dubu jikoni kwake kwa ufagio, na neno moja linamshinda! Ndivyo walivyolelewa wale watu: theluji inazungumzwa, moyo hauzungumzwi. Na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Dalton walizungumza theluji mpaka mwisho, na Arvo alikuwamo.

"Brody," alisema. "Unataka kujiua?"

Brody akacheka. "Mjomba, joto limekupanda kichwani."

"Nijibu."

Mawe yalipiga sii. Jasho lilikuwa linamtiririka kijana usoni, au halikuwa jasho.

"Kila siku," akasema, polepole. "Si saa zote. Lakini kila siku."

"Na kesho?"

"Kesho nilitaka iishe. Nilitaka iwe ileile ya kwake. Sijui kwa nini, nilitaka tu iwe ileile."

Arvo alisikia uchungu na hasira vikimpanda pamoja. Alimkasirikia Dalton aliyelala kaburini, akazikasirikia zile springi alizoziuza kwa mkono wake huku akitabasamu.

"Mimi sikuuzii," alisema. "Wala kesho, wala ukiwa na miaka hamsini."

"Nitaenda kwingine."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza leo."

"Usimwambie mama. Nakuomba, mjomba. Dalton alimmaliza nusu. Hili litammaliza."

"Tunakwenda kwake sasa hivi."

Brody akaruka kutoka kwenye benchi. Mlango ukabamizwa, baridi ikaingia, na Arvo alipofika chumba cha kuvulia nguo alikuta suruali ya kijana haipo. Kopo lilikuwa palepale. Kwa pumzi moja alishukuru. Kisha akakumbuka: mkesha wa msimu. Kila gari la mji ule lilikuwa na bunduki ya kulungu nyuma ya kiti, na bunduki hiyo sheria ilikuwa imemruhusu Brody kununua tangu akiwa na miaka kumi na minane.

Alitoka mbio, taulo kiunoni, miguu mitupu kwenye theluji. "Brody! Brody!"

Kijana alikuwa amesimama kando ya gari lake, mlango wazi, mkono mmoja juu ya kiti. Alikuwa hatingishiki. Mvuke ulikuwa bado unamtoka mgongoni.

Arvo akaacha kukimbia. Akamsogelea hatua kwa hatua, akanyoosha mkono.

"Funguo, mwanangu. Nipe funguo, ufunge mlango. Tunaganda hapa kama wajinga."

Brody alimtazama yule mzee, taulo linamponyoka, vidole vya miguu vimekuwa vyekundu. Kitu kikamvunjika usoni. Akaufunga mlango wa gari, akampa funguo, akaanza kulia kwa sauti, na Arvo akamkumbatia palepale mpaka wote wawili wakashindwa kuhisi miguu.

Walikwenda na gari la Arvo, kopo likiwa mapajani mwa Brody. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari," Arvo alisema. "Mimi na wewe. Nafunga duka."

"Siku ya kwanza ya msimu?"

"Kulungu watasubiri."

Rhonda alifungua mlango kabla hawajabisha. Aliwatazama, nywele zao mbichi, kisha akalitazama kopo. Hakushtuka.

"Mama," Brody alisema, "mimi ndiye niliyelichukua."

"Najua. Nililikosa tangu Septemba."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje?" Midomo ilimcheza. "Niliogopa nikilitaja tu, litatokea. Nikaona heri nikae karibu."

Arvo alitazama nyuma ya Rhonda. Koridoni, sakafuni, palikuwa na blanketi na mto. Vilikuwa vimetandikwa mbele ya mlango wa chumba cha Brody, vikiuziba wote, hata paka asingepita bila kumkanyaga aliyelala.

Brody naye aliviona. Alivitazama kwa muda mrefu, kama mtu ambaye hajawahi kuviruka kila alfajiri.

"Ulisema ni mgongo," akasema.

"Mgongo wangu ni mzima, mwanangu," Rhonda alisema. "Mzima kabisa."